Mgeni wa Nyumba ya Mkwezi

Majuma matatu yalikuwa yamekwisha tangu afike, na Tumaini bado alikuwa akila peke yake ukumbini, juu ya mkeka mpya, kwa zile sahani za maua ambazo Bi Kidawa hakuwa amezitoa kabatini tangu harusi ya binti yake. Wali uliletwa umefunikwa kawa. Samaki aliletwa kipande cha katikati, kilichonona. Msichana akinyanyuka na sahani yake kwenda kuiosha, Bi Kidawa alimkuta mlangoni akampokonya.

"Kaa, mgeni wetu. Utatutia aibu bure."

"Lakini Bi Kidawa, nyumbani kwetu naosha."

"Huku si kwenu. Huku uko ugenini, na mgeni hukaa."

Tumaini akarudi mkekani, akakaa, mikono mapajani. Bi Kidawa alimwona alivyoinamisha kichwa, na roho ikamuuma, kwa sababu alijua fika alichokuwa akimfanyia mtoto wa watu. Alikuwa akimweka mbali kwa ukarimu, na ukarimu wa namna ile mtu hana pa kuulalamikia.

Kila mwaka, kipupwe kikiingia, chuo kimoja cha udaktari cha Dar es Salaam kilileta wanafunzi wake Mafia. Hawakuletwa wakae hospitalini tu. Waligawanywa vijijini, huyu nyumba hii, yule nyumba ile, wale wanachokula wenyeji, wachote maji wanapochota wenyeji, na mchana wazunguke mlango kwa mlango wakipima presha na sukari na kuuliza habari za watu. Mwalimu wao, Daktari Ukasha, aliwaambia wazee wa kijiji cha Ndagoni mkutanoni kwamba daktari anayesubiri wagonjwa hospitalini huwaona wakiwa wamekwisha chelewa, basi heri akawajue kwao. Nyumba ya Mzee Ussi mkwezi, mume wa Bi Kidawa, ndiyo iliyokuwa ya kwanza kuinua mkono, na tangu siku hiyo haikukosa mwanafunzi.

Ah, miaka ile! Bi Kidawa akiwa peke yake jikoni aliwakumbuka mmoja mmoja, kama mtu anayepanga vyombo vyake. Wa kwanza alikuwa Matano, kijana wa Tanga mwenye miwani, aliyekuja na suruali imepigwa pasi. Siku ya tatu Mzee Ussi alimtupia kikoi kikuukuu akamwambia, "Vua hiyo, twende shamba." Akamfundisha kukwea mnazi kwa vipago, vile vidato vinavyochongwa kwenye mti mkwezi apate pa kukanyaga. Matano alifika nusu ya mti, akaukumbatia, akaanza kusoma kila dua aliyopata kufundishwa, na nusu ya kijiji ikatoka kumtazama. Mzee Ussi alicheka mpaka akakaa chini. Baadaye akaja Furaha, mtoto wa Kanisani, aliyekuna nazi siku yake ya tatu akajikuna na kidole, akalia, akacheka, akaendelea kukuna.

Watoto wa Bi Kidawa mwenyewe walikuwa wamekwisha hamia Dar, wanapiga simu wakikumbuka. Lakini kila kipupwe Mungu alikuwa akimwazima mwingine, akaijaza nyumba makelele. Siku ya tatu walipewa kazi, na siku hiyohiyo walianza kumwita mama. Hakuna aliyewafundisha, lilikuwa linawatoka tu.

Mwaka huu siku ya tatu ilifika ikapita, na Mzee Ussi akasema, "Huyu abaki mgeni."

*

Sababu ilikuwa chini, ndani ya kitambaa alichokifunga mguuni na kukifunika kwa kikoi kirefu.

Siku chache kabla Tumaini hajaja, Mzee Ussi alikuwa uani akifua nazi, akakanyaga kigae cha kifuu, kikamwingia chini ya kidole. Hakujua. Alitembea nacho mchana kutwa, akaenda msikitini akarudi, na ni Bi Kidawa aliyeona alama za damu sakafuni akauliza ni nani aliyeumia. Mzee alijitazama unyayo akacheka. Nyayo zile zilikuwa fahari yake. Alizikwelea minazi tangu ujana, zikawa ngumu, na alipenda kuwaambia vijana kwamba mguu wa mkwezi umekwisha maliza maumivu yake yote.

Lakini kidonda hakikufunga. Bi Kidawa alikiosha kwa maji ya chumvi, akakipaka manjano. Kidole kikavimba, kikabadilika rangi, na harufu ikaanza. Ndipo akaanza kufukiza udi, asubuhi na jioni, nyumba ikawa inanukia kama ya maharusi.

"Mume wangu," alimwambia siku moja Tumaini alipokuwa ametoka na wenzake, "tunaye daktari humu ndani."

"Tunaye mgeni humu ndani," Mzee Ussi akamjibu. "Mwenye nyumba akiugua mbele ya mgeni, ni kama anamwambia nini? Anamwambia afunge mzigo wake aondoke. Baba yangu aliumwa jino mwezi mzima wa Ramadhani, na wageni wa Kilwa walikula naye daku mpaka wakaondoka, hawakujua."

"Basi mpe panga, mpe nazi akune, asiwe mgeni tena. Kina Matano mbona uliwapa?"

Mzee Ussi akakishusha kikoi juu ya mguu. "Ndiyo maana sikumpa," akasema.

Bi Kidawa akamtazama. Kumbe mzee alikuwa amelipanga. Maadamu msichana ni mgeni, hana ruhusa ya kuuona mguu wake.

"Unaogopa," akamwambia.

"Naogopa, ndiyo! Shaibu alikwenda hospitali Kilindoni na kidole, akarudi na magongo. Sasa anakaa barazani anahesabu wapita njia. Mimi nikikatwa mguu, Kidawa, nitakuwa nani? Mkwezi wa wapi?" Akamshika mkono, jambo asilolifanya ovyo. "Niahidi hutamwambia. Usitamke hata neno."

Walikuwa wameishi pamoja umri mzima, na katika umri huo alikuwa amemwomba mambo machache sana. Bi Kidawa akamwahidi.

*

Tumaini alikuwa mtoto wa Songea, mpole, mwenye bidii ya kuchosha. Kiswahili chake kilikuwa cha darasani, na alihofia kuwaudhi wazee. Basi jioni moja alikuja kuketi barazani karibu na Bi Kidawa.

"Bi Kidawa, naomba unisaidie. Kesho tunazunguka upande wa ufukweni kutafuta wenye sukari. Nikiuliza hivi, wazee hawatakasirika?" Akakohoa. "Je, unakunywa maji mengi kupita kawaida?"

"Hilo halina neno," akasema Bi Kidawa. Ndani ya nyumba, mtungi wa maji ambao zamani ulimaliza siku mbili, sasa uliisha kabla ya adhuhuri.

"Je, unakojoa mara nyingi usiku?"

"Usiseme hivyo kwa mtu mzima. Sema, unatoka nje mara kwa mara usiku?"

"Unatoka nje mara kwa mara usiku. Asante. Je, umepata kuona sisimizi pale unapo... unapotoka?"

Bi Kidawa akatazama upande wa msala wao, nyuma ya ua wa makuti. Alikuwa amewafagia sisimizi asubuhi ile.

"Sema hivyohivyo. Wataelewa."

"Je, miguu yako inakufa ganzi? Je, una kidonda kisichopona?"

Kila swali lilikuwa limepita kwa Bi Kidawa kwanza, na kila swali alikuwa na jibu lake.

"Na nyumba hii je?" akauliza, akijifanya anaokota uzi kwenye kanga. "Nyumba hii hamtaipima?"

"Mwalimu amekataza. Anasema watu wametupokea, wametupa vitanda vyao, tusiwageuze wagonjwa wetu. Nyumba unayolala unaiheshimu tu."

"Mwalimu wenu ana adabu," akasema Bi Kidawa, na neno lilimtoka chungu.

Basi ndivyo ilivyokuwa. Mzee alimheshimu mgeni asimwonyeshe ugonjwa. Mgeni alimheshimu mwenyeji asimuulize. Kila asubuhi Tumaini alisimama mlangoni akasema shikamoo mzee, hujambo, na mzee akajibu marahaba, sijambo sana, alhamdulillahi, na kila mtu akaenda zake ameridhika. Kidole kikaendelea kuoza katikati ya heshima zao.

Tumaini akanyanyuka aingie ndani, kisha akageuka.

"Bi Kidawa, nimewakosea nini?"

"Wewe? Hujatukosea kitu, mgeni wetu."

"Usiniite mgeni!" Akashtuka kwa sauti yake mwenyewe, akaishusha. "Wenzangu wote wanakula jikoni. Huyo aliye kwa Bi Mwanasiti anagombezwa kila siku, anatumwa kisimani, anafurahi. Walionitangulia waliniambia, ukipangiwa kwa mkwezi Ussi umepata wazazi, siku ya tatu utakuna nazi. Mimi nimekuja kukaa na watu, nakaa na sahani. Hata udi mnanifukizia kama mtu wa kupita. Ni kwa sababu mimi ni Mkristo? Niambie tu, nitaelewa."

"Astaghfirullah!" Bi Kidawa alishika kifua. "Furaha alikuwa Mkristo, alikula sufuria moja na mimi pale!" Na machozi yakamjia, akashindwa kueleza zaidi, kwa kuwa angevunja ahadi yake. Udi! Mtoto alidhani ni wake.

*

Siku ya pili, baada ya alasiri, Tumaini aliporudi na mkoba wake wa vipimo, alimkuta Bi Kidawa uani. Mbele yake palikuwa na kibao cha mbuzi, sinia, na nazi iliyovunjwa mapande mawili. Mzee Ussi alikuwa amekaa barazani kwenye kiti chake, kikoi kimefika chini.

"Weka mkoba," akasema Bi Kidawa. "Kaa hapa ukune nazi. Na leo sahani ya maua haitoki. Utakula jikoni, ukitaka ukoko uukwangue mwenyewe."

Tumaini alimtazama kama aliyeambiwa amefaulu mtihani. Akautupa mkoba.

"Kidawa!" Mzee Ussi akaita.

"Labeka."

"Tuliagana nini mimi nawe?"

"Tuliagana nisimwambie neno. Sijamwambia neno. Nimempa nazi."

Mzee alikuwa mtu wa mila, na mila ilikuwa imepita mbele ya macho yake mchana kweupe. Mgeni aliyepewa mbuzi akakaa akakuna si mgeni tena, amekuwa mtu wa nyumba, na hakuna mtu wa kumnyang'anya hadhi hiyo. Akageuza uso upande wa barabara, akawa anatafuna hasira zake.

Tumaini alikaa kwenye mbuzi vibaya, magoti yakamwenda huku na huku. Alikuna kwa pupa. Nazi ilimrukia usoni, nyingine ikaenda kwa kuku, naye anacheka peke yake. Bi Kidawa alimwacha. Alimjua mume wake. Hakuna Mzee Ussi ambaye angeweza kutazama nazi ikiharibiwa namna ile akanyamaza.

"Usikandamize!" sauti ikatoka barazani. "Utakuna mkono. Zungusha kifuu, zungusha, wacha meno yafanye kazi yenyewe. Unafika kwenye weusi, mwanangu, utaliharibu tui!"

Neno lilikuwa limekwisha toka. Mwanangu. Alilisikia mwenyewe, na Bi Kidawa alimwona alivyolegea mabega.

"Ukimaliza," akasema Bi Kidawa, "chukua maji ya vuguvugu pale jikoni, umpelekee baba yako anawe miguu."

Kuku walikuwa wakidonoa nazi iliyomwagika. Mzee Ussi alimtazama mkewe kwa muda mrefu, kwa macho ya mtu aliyeuzwa sokoni. Mgeni angemkatalia. Lakini mtoto wa nyumba akija na maji, huwezi kumrudisha bila kumwambia kwamba humtaki, na hilo Mzee Ussi hakuliweza.

Tumaini akaja na beseni, akapiga magoti. "Baba," akasema, na alitaka kuendelea kusema kitu cha kuchekesha, lakini alikuwa amekwisha inua kikoi. Alikiona kitambaa. Akakifungua taratibu.

Hakupiga kelele. Alitazama, akaugusa mguu kwa mgongo wa mkono, akabonyeza hapa na pale.

"Hapa unasikia?"

"Sisikii kitu. Nilimwambia mama yenu, hauumi."

"Hapo ndipo penye ubaya wenyewe, baba. Tangu lini?"

"Kabla hujaja."

Tumaini alikaa chini mchangani. Ndipo akalia, mikono yake bado ina machicha ya nazi.

"Nimezunguka kijiji kizima," akasema, "nyumba kwa nyumba, nikiutafuta mguu huu."

*

Walimpeleka Kilindoni siku ileile kwa bajaji ya Taufiki, aliyeitwa kwa simu akaja na kuifikisha hadi mlangoni. Mzee alitaka kuipanda mwenyewe. Mguu ukamsaliti, akabebwa, Taufiki huku na Tumaini kule, majirani wanatazama. Mtu aliyekuwa akipita juu ya vichwa vyao wote, minazini, sasa anabebwa mapajani kama mtoto wa kutahiriwa. Hata hivyo hakuacha ukaidi.

"Mzee Ussi, kwema?" waliuliza njiani.

"Kwema tu, sijambo. Nakwenda kununua misumari."

Bi Kidawa, aliyebanwa pembeni yake na furushi la nguo, hakujua acheke au alie.

Hospitalini sukari ilikutwa imepanda vibaya. Daktari wa zamu alisema vidole viwili haviponi, vitaondolewa, lakini mguu wenyewe ataupigania. Akauliza kidonda kilianza lini, akatikisa kichwa. Kingeletwa mwanzo, alisema, kingesafishwa na kufungwa, mzee akaondoka na vidole vyake. Alisema kwa upole, lakini Bi Kidawa alilisikia lile neno mwanzo mpaka kwenye mifupa. Alihesabu udi wote aliouchoma.

Daktari Ukasha alikuja kesho yake kumtazama mgonjwa. Alimkuta Tumaini kwenye benchi, macho mekundu.

"Nimelala naye nyumba moja, mwalimu," akasema. "Nilimsalimia kila siku."

Mwalimu alikaa karibu naye. "Mimi ndiye niliyewakataza," akasema. "Niliona ni heshima." Akavua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi. "Mwakani tutaanza na nyumba tunazolala."

*

Vidole viwili viliondolewa, lakini mguu ulinusurika, ingawa kwa shida. Siku ya mwisho kabla wanafunzi hawajaondoka, Mzee Ussi alikuwa amekwisha rudishwa nyumbani. Aliomba atolewe kiti mpaka chini ya mnazi wa nyuma ya nyumba, mguu umefungwa bandeji nyeupe, fimbo mapajani.

"Haya, panda," akamwambia Tumaini.

"Mimi, baba?"

"Kwani mimi? Kina Matano wamepanda. Usije ukaenda Dar ukasema kwa mkwezi hukufundishwa."

Tumaini alijifunga kanga juu ya suruali, akaukumbatia mti, akaweka mguu kwenye kipago cha kwanza. Akapanda cha pili, na cha tatu. Mzee alimfuata kwa macho, fimbo ikielekeza. Akasema, "Mguu uweke wote, usiweke ncha tu. Hivyo vipago nilivichonga kwa kipimo cha mguu wangu, nilipokuwa nao mzima." Alilisema bila uchungu, kisha uchungu ukamfika. Bi Kidawa aliyekuwa mlangoni alimwona alivyoitazama minazi yake mmoja baada ya mwingine, yote aliyoizoea, ambayo sasa itaanguliwa na watoto wa wengine. Msichana alifika mahali akashindwa, akashuka akikwaruzika magoti, na mzee akacheka. Hakucheka kama siku ya Matano, lakini alicheka.

Kesho yake gari la chuo lilipopiga honi barabarani, Bi Kidawa hakumsindikiza. Mgeni husindikizwa. Alibaki jikoni, akasema kwa sauti kali, "Ukifika upige simu. Na viatu vyako vya mvua umevisahau hapa, utavifuata mwakani." Tumaini akajibu ndiyo mama, na gari likaondoka. Ndipo Bi Kidawa akaziosha zile sahani za maua, ingawa zilikuwa safi, akazirudisha kabatini. Nyumba ilinuka moshi wa kuni na nazi tu, na ilikuwa kimya kuliko mwaka wowote.

Simu ililia siku ya pili. Bi Kidawa alikuwa kwenye mbuzi, mikono ina nazi, akaibonyeza kwa kiwiko, akaiweka sauti ya juu.

"Shikamoo mama. Nimefika salama."

"Marahaba mwanangu. Huyu hapa baba yako."

"Shikamoo baba. Hujambo?"

Mzee Ussi alifungua mdomo. Bi Kidawa alilijua jibu kabla halijatoka. Alilisikia kila asubuhi ya ndoa yao, alilisikia siku walipomzika mtoto wao wa kwanza, alilisikia hata kwenye kitanda cha hospitali. Mzee akautazama mguu, akamtazama mkewe, kisha akaitazama simu.

"Si..." akasema, akasita. "Naumwa, mwanangu. Jana sikulala. Pale pasipo vidole ndipo panaponiuma."

"Panaumaje, baba? Nieleze."

Naye akaanza kueleza, polepole, kama mtu anayejifunza kutembea. Bi Kidawa aliacha kukuna nazi apate kusikia, kwa maana yeye pia ilikuwa mara yake ya kwanza kuambiwa.